Ndoo za bustani: Kabla ya kununua kalibu, pima maji ya mteja

Na Mwandishi Wetu

KATIKA nyumba nyingi za Dar es Salaam, kuanzia zile za kupanga za Sinza na Tabata hadi maghorofa ya Upanga, sehemu ya kulima imebaki kuwa baraza, paa au upenyo wa mita moja kati ya nyumba na uzio. Wakazi wake wanakula mboga kila siku, wanazinunua kwa mafungu, na wengi wana wasiwasi na mchicha unaomwagiliwa maji machafu kwenye mabonde ya mito kama Msimbazi.

Kwa mjasiriamali anayetafuta bidhaa ya kuuza, hapo pana soko. Bidhaa yenyewe ni chombo cha kupandia chenye akiba ya maji chini yake, ambacho mwenye nyumba anakijaza maji kila baada ya siku kadhaa badala ya kumwagilia asubuhi na jioni. Kinaweza kutengenezwa na fundi wa kawaida kwa ndoo mbili, kipande cha bomba na wavu. Vifaa vyote vinapatikana Kariakoo.

Wanaoingia kwenye biashara ya namna hii huvutwa zaidi na chombo chenyewe. Wanafikiria rangi, nembo, na muda si mrefu wanafikiria kalibu ya kiwandani ili chombo kitoke kizuri. Lakini mteja hanunui ndoo. Ndoo anayo jikoni. Ananunua mboga zitakazoota ndani ya ndoo hiyo, na zisipoota mara ya kwanza harudi tena, na jirani yake pia hanunui.

Chombo chenyewe kinafanyaje kazi

Kanuni yake ni ile ile ya utambi wa koroboi. Mafuta ya taa hupanda kwenye utambi bila kusukumwa na mtu, na maji nayo hupanda kwenye udongo wenye vitundu vidogo vinavyoshikana. Ndoo ya chini inakaa maji. Ndoo ya juu inakaa udongo na mmea, na katikati yake kuna kikapu kidogo kilichojazwa udongo kinachozama kwenye maji ya chini. Hicho ndicho utambi. Bomba la pembeni linatumika kujazia maji, na tundu ubavuni mwa ndoo ya chini linatoa maji yanayozidi ili mizizi isizame.

Si ugunduzi mpya. Nchini Marekani, mkulima wa nyanya wa Florida aitwaye Blake Whisenant alibuni sanduku la aina hii ambalo liliingia sokoni mwaka 1994 kwa jina la EarthBox. Sanduku hilo hubeba akiba ya maji ya takriban lita 11 na limekusudiwa miche miwili tu ya nyanya. Juu ya udongo huwekwa mstari wa mbolea, kisha mfuniko wa plastiki. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliwahi kuyatumia masanduku hayo katika mradi wake ulioitwa The Growing Connection, Ghana ikiwa miongoni mwa nchi zilizohusika.

Kwa hiyo anayesema amevumbua ndoo ya kujimwagilia awe na tahadhari. Hataza hudumu miaka 20, na zile za miaka ya mwanzo ya 1990 zimekwisha muda wake. Kanuni hiyo ni mali ya kila mtu. Jina la EarthBox, hata hivyo, lina mwenyewe. Mjasiriamali wa hapa anachoweza kulinda ni jina lake mwenyewe la biashara na alama yake, ambayo ikisajiliwa BRELA hulindwa kwa miaka saba ya kwanza na baadaye huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Kama kweli ameongeza kitu ambacho hakijawahi kuwepo, aulize BRELA kuhusu hataza kabla ya kukionyesha hadharani, si baada ya maonyesho.

Maji ya chumvi ndiyo adui

Hapa ndipo mjasiriamali wa Dar es Salaam anapotofautiana na yule wa Florida, na hapa ndipo mtaji unapoweza kuteketea.

Maeneo mengi ya jiji hili yanategemea visima, na maji ya visima vingi yana chumvi. Mwishoni mwa mwaka 2021, kina cha Mto Ruvu kiliposhuka na DAWASA ikatangaza mgawo wa maji, hata waliozoea bomba waligeukia visima. Sasa fikiria ndoo yetu. Maji yanapanda kutoka chini, mmea unakunywa, mengine yanapotea kwa jua. Chumvi haipotei kwa jua. Inabaki juu ya udongo na kujikusanya wiki hadi wiki, mpaka mteja anaona ukoko mweupe na majani yaliyoungua kingo.

Katika bustani ya kawaida mtu anamwagilia kwa juu, na chumvi inasukumwa chini ya mizizi. Kwenye ndoo yenye akiba ya maji chini, njia hiyo haipo. Ubora unaotangazwa kwenye karatasi ya bidhaa ndio huo huo unaoua mmea.

Dawa yake si ngumu, ila lazima ijulikane kabla ya kuuza. Mteja mwenye kisima cha chumvi aelezwe kumwaga maji mengi kwa juu kila baada ya wiki chache mpaka yatoke kwenye tundu la pembeni, na wakati wa vuli na masika aache mvua ifanye kazi hiyo. Auziwe mimea inayovumilia. Spinachi zetu hizi za majani mapana huvumilia chumvi vizuri, mchicha nao si mdekaji. Maharage, kinyume chake, ni miongoni mwa mazao yanayoathirika upesi, na kwa sababu hiyo yanafaa kuwa kipimo: panda punje chache kwenye kikopo, mwagilia maji ya kisima cha mteja, utaona ndani ya wiki mbili au tatu kama maji hayo yanafaa. Kipimo cha umeme cha kupima chumvi kipo na ni kidogo kama kalamu. Anayetaka kuuza ndoo nyingi na awe nacho mfukoni.

Muuzaji akienda nyumbani kwa mteja na kuuliza, "Mama, hapa mnatumia maji ya bomba au ya kisima?" kabla ya kutaja bei, tayari amewapita wenzake wengi.

Udongo, makumbi na mbu

Kosa jingine la wanaoanza ni kuchota udongo wa uwanjani na kuujaza kwenye ndoo. Udongo wa mfinyanzi ukikaa ndani ya chombo hushikana kama tofali, mizizi inakosa hewa. Mchanga mtupu nao haupandishi maji kiasi cha kutosha. Kinachohitajika ni kitu chepesi kinachoshika maji na hewa kwa pamoja.

Pwani tuna bahati ya minazi. Vumbi linalobaki makumbi yanapochambuliwa usumba ndilo hilo linalouzwa kwa bei kubwa madukani kwa jina la kokopiti. Sehemu mbili za vumbi hilo na sehemu moja ya mboji iliyoiva hufanya mchanganyiko mzuri. Lakini tahadhari: makumbi mengi ya usumba huozeshwa kwa kufukiwa kwenye matope ya bahari, na vumbi lake huja na chumvi. Lioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara kadhaa kabla ya kutumika. Makumbi ya madafu yanayotupwa kila jioni mijini hayapitii matope hayo, ila yanataka kukaushwa na kusagwa, na kazi ya kusaga si ya mikono mitupu.

Suala la mbu linastahili uzito wa pekee. Ndoo yenye maji yaliyotulia gizani ni nyumba nzuri ya mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi, na Dar es Salaam iliwahi kupata milipuko ya ugonjwa huo mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Yai la mbu huyo kwenye joto letu huweza kuwa mbu kamili ndani ya siku saba hadi 10. Bomba la kujazia liwe na kifuniko kinachobana, na tundu la kutolea maji lizibwe kwa wavu mwembamba uliogundishwa kwa gundi au kuchomelewa, si uliofungwa kwa uzi. Wavu huo unagharimu shilingi mia chache. Afisa afya wa kata akikuta viluwiluwi kwenye ndoo yenye nembo yako, hakuna tangazo litakalokuokoa.

Plastiki nayo ichaguliwe. Tafuta alama ya pembetatu chini ya chombo. Namba 2 na namba 5 ndizo zinazofaa kwa chakula. Mapipa yaliyobeba kemikali au viuatilifu yaachwe kabisa, hata kama muuzaji anaapa kuwa yameoshwa. Ndoo za bei ya chini kabisa hupasuka kwa jua ndani ya mwaka mmoja au miwili, hivyo ziwekwe kivulini kidogo au zipakwe rangi nyeupe nje, jambo ambalo pia hupunguza joto kwenye mizizi.

Ndoo moja inalisha nani?

Ndugu msomaji, tupige hesabu ambayo wauzaji wengi hawapendi kuipiga. Mdomo wa ndoo ya lita 20 una upana wa sentimita 30 hivi. Eneo lake ni kama asilimia saba ya mita moja ya mraba. Maana yake, ndoo 14 ndizo zinazofikia eneo la mita moja ya mraba. Kumwambia mama mwenye watoto wanne kwamba ndoo mbili za mchicha zitamwondolea gharama ya mboga ni uongo, na ataugundua siku ya mavuno ya kwanza.

Ndoo inafaa kwa mimea inayokwenda juu au inayovunwa kidogo kidogo: pilipili, bilinganya, nyanya iliyofungwa kwenye mti, mnanaa, giligilani. Mpilipili mmoja uliotunzwa huzaa kwa zaidi ya mwaka, na familia haimalizi pilipili zake. Kwa mboga za majani, pipa la lita 200 lililopasuliwa kwa urefu hutoa vyombo viwili, kila kimoja kikiwa na eneo la karibu nusu mita ya mraba. Hapo mchicha unaovunwa baada ya wiki tatu au nne unakuwa na maana, na matembele, ambayo huoteshwa kwa vipande vya shina tu, yatachumwa mara kwa mara.

Kuna pia mshindani asiyeonekana, naye ni gunia. Baada ya ghasia za uchaguzi nchini Kenya za mwaka 2007 na 2008, shirika la Kifaransa la Solidarités lilisaidia maelfu ya kaya katika vitongoji vya Nairobi kama Kibera kulima sukuma wiki kwenye magunia, miche ikiota juu na pia ubavuni kupitia matundu. Gunia linauzwa kwa bei ndogo sana na linabeba miche mingi kuliko ndoo. Anayeweza kumwagilia kila siku hana sababu ya kununua chombo chako. Mteja wako ni yule anayeondoka alfajiri na kurudi usiku, anayekaa ghorofani na hataki maji yachuruzike kwa jirani wa chini, au mzee ambaye kubeba ndoo ya maji kila jioni kumemshinda.

Hesabu ya bidhaa kumi

Bei zifuatazo ni za mfano, kila mmoja aulize mtaani kwake. Tuseme ndoo mbili ni sh 10,000, bomba sh 1,000, kikapu cha utambi sh 500, wavu sh 300, mchanganyiko wa udongo sh 4,000, miche sh 700, ufundi sh 2,000 na usafiri sh 1,500. Jumla ni sh 20,000. Ukiuza kwa sh 28,000 unabaki na sh 8,000 kwa kila moja.

Tuseme tena kwamba banda, simu, vocha na chakula cha kijana anayekusaidia vinakula sh 240,000 kwa mwezi. Utahitaji kuuza seti 30 ili kurudisha gharama, na ya 31 ndiyo inayoanza kukupa faida.

Sasa weka ndani ya hesabu hiyo mteja mmoja kati ya kumi ambaye mmea wake umekufa na umelazimika kumpa seti nyingine. Katika seti 10 ulizouza, faida ya sh 80,000 inapungua sh 20,000. Kila seti inakuachia sh 6,000 badala ya sh 8,000, na idadi ya kurudisha gharama inapanda kutoka 30 hadi 40. Seti 10 zaidi kwa mwezi, kwa sababu ya maji ya chumvi au udongo mbaya. Wako watakaosema dawa ni kutokubali kurudishiwa. Inawezekana, kwa mwezi mmoja.

Ni kwa hesabu hii pia kalibu inapaswa kutazamwa. Kalibu ya chuma ya kumimina plastiki kwa mashine ni kitu cha mamilioni ya shilingi. Ikiwa itagharimu sh milioni 20, basi kwa faida ya sh 8,000 utauza seti 2,500 kabla hujaipata fedha ya kalibu peke yake, mbali na kodi ya banda. Njia ya kuzungusha plastiki kwenye moto, ile inayotumika kutengenezea matangi ya maji, ina kalibu za bei nafuu zaidi na inafaa kwa idadi ndogo, lakini hata hiyo isubiri. Anayechukua mkopo wa kausha damu ili kununua kalibu ya bidhaa ambayo haijapita msimu mmoja wa kiangazi anaweka rehani makochi na jokofu lake kwa jambo ambalo angeweza kulijua kwa ndoo kumi.

Kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ipo mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, lina ofisi mikoani na linashauri kuhusu utengenezaji. Kuhusu karatasi nyingine, TIN ya TRA, jina la biashara la BRELA na leseni ya halmashauri havina ujanja mwingine zaidi ya kuvifuatilia.

Jambo moja la sheria linawachanganya wengi. Katazo la mifuko ya plastiki lililoanza Tanzania Juni 1, 2019 halikuhusu vifungashio vya shughuli za kilimo, na viriba vya miche bado vinatumika. Ndoo na mapipa hayakuguswa. Lakini usimkabidhi mteja miche yake ndani ya mfuko wa rambo.

Pa kuuzia

Wauza maua na miche walio kandokando ya Barabara ya Bagamoyo wana wateja wanaoshuka kwenye gari wakiwa tayari na fedha mkononi. Kuwapelekea seti tano zilizokwisha kuota, kwa makubaliano ya kulipwa baada ya kuuza, kunafaa kuliko kukodi fremu. Neno muhimu hapo ni zilizokwisha kuota. Ndoo tupu yenye maelezo haiuziki, bali ndoo yenye pilipili nyekundu hujieleza yenyewe.

Uza chombo pamoja na udongo na mche, kisha piga simu siku ya saba, na tena siku ya 21. Simu hizo mbili ndizo zitakazokuambia nani amesahau kujaza maji, nani ameiweka nyuma ya ukuta pasipo jua, na nani ameanza kuona ukoko mweupe. Zinakuletea pia mauzo ya pili, kwa kuwa anayevuna atahitaji miche mingine, mboji na wavu mpya, na faida ya vitu hivyo vidogo si haba. Mbegu za mboga za kienyeji, mnafu ukiwemo, zimefanyiwa kazi kubwa na watafiti wa Tengeru mkoani Arusha, na muuzaji anayejua tofauti ya aina moja na nyingine atasikilizwa.

Anayetaka kuanza mwaka huu na atengeneze ndoo kumi mwezi Juni, masika yakishapita. Tano azigawe kwa watu wenye maji ya kisima na tano kwa wenye maji ya bomba, bila malipo, na aandike kwenye daftari kila anachokiona hadi Oktoba joto linapopanda. Kwenye maonyesho ya Nane Nane ya mwaka huo aende kama mtembeaji, atazame wenzake wanauza nini na kwa bei gani. Banda ni la mwaka unaofuata, na huombwa mapema.